Kwa nini David Brent alipunguzwa kazi na Michael Scott akaagwa kwa machozi

Bosi anamwita dada wa mapokezi ofisini kwake. Pembeni amekaa kijana aliyeletwa kwa kazi ya muda, na bosi anataka kijana yule aone kwamba hapa pana mkuu mcheshi. Basi anakaza uso na kumwambia dada kwamba imegundulika amekuwa akiiba vikaratasi vya kunata, vile vya kuandikia kumbukumbu, na kwamba kuanzia leo hana kazi. Dada anauliza kama anatania. Bosi anazidi kukaza. Dada anaanza kulia, analia kweli, uso mikononi, na hapo ndipo bosi anapofichua kwamba ulikuwa mzaha na kungoja wenzake wacheke. Hacheki mtu.

Tukio hilo lilipigwa picha mara mbili. Mara ya kwanza ni Uingereza, katika sehemu ya kwanza ya The Office, iliyorushwa na BBC Two tarehe 9 Julai 2001. Bosi ni David Brent, ameigizwa na Ricky Gervais, ambaye ndiye aliyeitunga tamthilia pamoja na Stephen Merchant. Mara ya pili ni Marekani, kituo cha NBC, tarehe 24 Machi 2005. Bosi ni Michael Scott, ameigizwa na Steve Carell, na aliyeihamishia tamthilia Marekani ni Greg Daniels. Maneno ni karibu yale yale, ila ukisikiliza mwisho wa tukio utaanza kuona nyufa. Dawn, dada wa Uingereza, anamtupia Brent tusi zito na kumwambia ni kijitu cha kusikitisha. Brent, macho yakikwepa, anajibu kwamba hilo hakulijua. Pam, dada wa Marekani, anamwambia Michael kwamba ni mtu wa hovyo tu, naye Michael anasema hana hakika sana na hilo.

Kwa ambaye hajaziona: zote mbili ni hadithi ya tawi la kampuni ya kuuza karatasi, katika mji ambao hakuna anayeuota. Wernham Hogg iko Slough, magharibi mwa London, mji wa maghala na viwanda. Dunder Mifflin iko Scranton, Pennsylvania, mji uliowahi kutajirika kwa makaa ya mawe na reli kisha ukapoa. Kuna kijana wa mauzo mwenye akili anayepoteza umri wake hapo, Tim kule, Jim huku. Kuna mwenzake wa meza ya jirani anayejiona askari, Gareth kule, Dwight huku. Katika sehemu ya kwanza ya kila upande stepla ya huyo askari inakutwa imegandishwa ndani ya jeli. Kijana anampenda dada wa mapokezi, na dada ana mchumba. Kamera zipo mle ndani kwa sababu, kwa mujibu wa hadithi, watu hawa wanarekodiwa kwa ajili ya filamu ya maisha halisi, kwa hiyo kila mmoja anajua anatazamwa.

Sasa wafuate mabosi hao wawili hadi mwisho. Brent anaambiwa kwamba amepunguzwa kazi siku ya kuchangisha fedha za hisani, akiwa amevaa vazi la kuchekesha la mtu aliyepanda ndege mkubwa kama mbuni, na baadaye anawaomba wakuu wake, sauti ikikatika, wasimwondoe. Michael anaondoka kwa hiari mwaka 2011 kwenda kuoa, na wafanyakazi wake wanalia. Wameanza na mzaha uleule wa kikatili, mmoja akaishia kuondolewa na mwingine akaishia kupendwa. Ilikuwaje?

Jibu linalotolewa haraka ni la tabia za mataifa: Waingereza wanapenda uchungu, Wamarekani wanataka kufarijiwa, Waingereza wana kejeli na Wamarekani hawana. Nimelisikia jibu hili mara nyingi na sidhani linatosha. Hao hao Wamarekani waliipa tamthilia ya Uingereza tuzo mbili za Golden Globe mwezi Januari 2004, moja ya tamthilia bora ya vichekesho na nyingine ya mwigizaji bora kwa Gervais. Hawakushindwa kuielewa. Mimi naona jibu la kweli limo katika mambo mawili yasiyopendeza sana kuyazungumza penye sanaa: fedha za televisheni, na namna kazi ya mshahara inavyomshika mtu katika kila nchi. Ucheshi ulikuja nyuma ya hayo mawili.

Anza na hesabu. Tamthilia ya Uingereza ina misimu miwili ya sehemu sita sita, na sehemu mbili za Krismasi za Desemba 2003. Jumla 14. Ukikaa chini kuitazama yote utatumia muda wa saa saba na nusu hivi. Ya Marekani ilidumu misimu 9, hadi tarehe 16 Mei 2013, na kwa hesabu ya kawaida ina sehemu 201. Hapo tunazungumzia zaidi ya saa 70.

Tofauti hiyo haikutokana na Waingereza kuchoka. BBC inaendeshwa kwa ada inayolipwa na kila kaya yenye televisheni, haiuzi matangazo, na ina mazoea ya zamani ya kuwaachia watunzi wawili waandike sehemu sita, wapumzike mwaka, waandike sita nyingine, waseme basi. Gervais na Merchant waliandika kila neno wenyewe, na walijua mwisho ulipo. NBC inaishi kwa matangazo. Faida kubwa ya tamthilia ya vichekesho katika mfumo ule kwa miaka mingi ilikuja pale ilipofikisha sehemu 100 au karibu na hapo, kwa sababu ndipo vituo vingine vinanunua marudio na kuyarusha kila siku. Msimu wa kawaida una sehemu ishirini na zaidi. Watu wawili hawawezi kuandika mzigo huo, kwa hiyo kunakuwa na chumba cha waandishi, na katika chumba cha Daniels waandishi kadhaa walikuwa pia waigizaji: B. J. Novak aliyecheza Ryan, Mindy Kaling aliyecheza Kelly, Paul Lieberstein aliyecheza Toby.

Hesabu hiyo ikikaa sawasawa kichwani, mengi yanafunguka. Brent ameundwa avumilike kwa muda wa saa saba. Ni mtu anayekufanya uone haya wewe uliyekaa sebuleni kwako: anaingilia mafunzo ya wafanyakazi kwa kuchukua gitaa na kuimba nyimbo alizotunga mwenyewe, anacheza dansi ambayo hakuombwa, kisha anageuza macho kidogo kuitazama kamera, kuona kama imemwona. Haya ya namna hiyo ni kali, inachoma, na ni nzuri kwa sababu ni fupi. Ukimweka mtu huyo mbele ya watazamaji wiki baada ya wiki kwa miaka tisa, watazima televisheni. Si kwa sababu wana mioyo laini. Hata jirani wa aina hiyo ungehama mtaa.

Na ndivyo ilivyokaribia kuwa. Msimu wa kwanza wa Marekani, wa sehemu sita tu, ulimleta Michael ambaye ni Brent kwa lafudhi nyingine. Nywele zilipakwa mafuta na kulazwa nyuma, kipara kikionekana, na ukatili ulikuwa mbichi. Idadi ya watazamaji ikashuka. Kisha mwezi Agosti 2005 ikatoka filamu ya The 40-Year-Old Virgin, ambamo Carell anacheza mwanaume mpole, mwenye aibu, ambaye huwezi kumchukia, na watu wakajaa kwenye kumbi za sinema. Daniels na wenzake wakakaa chini kufikiri upya. Walipoanza msimu wa pili nywele za Michael zilikuwa zimetengenezwa vizuri, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba walimpa vitu viwili ambavyo Brent hakupewa.

Cha kwanza ni uwezo. Katika sehemu moja ya msimu wa pili Michael na mkuu wake Jan wanakwenda kumshawishi mteja mkubwa. Jan amejiandaa kwa mazungumzo ya kiofisi. Michael anahamishia mkutano mgahawani, Chili's, anakula, anakunywa, anapiga soga na mteja hadi usiku, anaimba, na Jan amekaa pale akiona mkataba unaponyoka. Mwishoni mteja anakubali. Kumbe mtu huyu anajua kuuza, tena sana; alipandishwa cheo kwa sababu hiyo, na tangu apandishwe anafanya kazi asiyoiweza. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini amemwona mtu wa namna hii: fundi hodari aliyefanywa msimamizi, mwalimu mzuri aliyefanywa mkuu wa shule. Unaanza kumwonea huruma bila kumsamehe makosa yake.

Cha pili ni kwamba alipewa kiu tofauti. Brent ana kiu ya umaarufu. Uingereza ya mwisho wa miaka ya 1990 ilijaa vipindi vya maisha halisi, kamera zikifuata wafanyakazi wa viwanja vya ndege, wanaojifunza udereva, waimbaji wa melini, na baadhi ya watu hao wa kawaida wakawa nyota kwa msimu mmoja. Brent ni zao la wakati huo. Ameiona kamera ikiingia Slough na amedhani imemjia yeye. Ndiyo maana sehemu za Krismasi zinauma namna ile: filamu imekwisha kuonyeshwa, Brent sasa anazunguka na gari akiuza bidhaa za usafi, jioni anapanda majukwaa ya vilabu vya usiku ambavyo havimtaki, na analalamika kwamba waliohariri filamu walimharibia jina. Michael kiu yake ni familia. Anataka watoto, anataka mke, anataka kualikwa. Hana mahali pengine pa kupata watu, kwa hiyo amewafanya wafanyakazi wake kuwa ndugu bila kuwauliza.

Kuna tukio moja la Februari 2007, msimu wa tatu, ninalolirudia kila ninapotaka kumweleza mtu tofauti hii. Pam anachora, na michoro yake imewekwa kwenye maonyesho madogo ya darasa la sanaa. Amewaalika wote. Roy mpenzi wake anapita, anatazama kama mtu aliyetimiza wajibu, anaondoka. Oscar wa uhasibu anakuja na mwenzake, na Pam anawasikia, wao wakiwa hawajui yuko nyuma yao, wakisema michoro yake ni ile ya kuning'iniza vyumba vya hoteli ya bei rahisi. Usiku unaingia. Pam anaanza kubandua michoro yake ukutani. Ndipo Michael anatokea, amechelewa, mchana huo huo amefedheheshwa mbele ya wanafunzi wa chuo cha biashara walioambiwa kwamba kampuni yake haina maisha marefu. Anasimama mbele ya mchoro wa rangi za maji unaoonyesha jengo la ofisi yao, lile jengo baya la kawaida. Anaonyesha dirisha lake liko wapi. Anauliza bei. Anamwambia anajivunia. Pam anamkumbatia, machozi yanamlenga.

Mtu mwenyewe ndiye yule aliyemliza kwa mzaha wa vikaratasi miaka miwili nyuma. Mchoro unanunuliwa, unatundikwa ukutani mwa ofisi, na unakaa hapo misimu yote iliyobaki. Katika sehemu ya mwisho kabisa Pam anautoa ukutani na kuondoka nao. Huwezi kufanya hivyo kwa sehemu 14. Tukio kama hili linahitaji mtazamaji awe ameishi na jengo lile kwa miaka, alijue dirisha la nani ni lipi. Hapo urefu, ambao ulianza kama hitaji la wauza matangazo, uligeuka kuwa mali ya hadithi.

Lakini nisiwafanye Waingereza waonekane hawakuwa na moyo. Brent naye anapewa nafasi yake, dakika za mwisho za Krismasi ya 2003. Rafiki yake Chris Finch, mwakilishi wa mauzo ambaye Brent alikuwa akimwiga na kumnyenyekea tangu mwanzo, anamtukana mwanamke ambaye Brent amekutana naye siku hiyo na akampenda. Brent anamwambia Finch, kwa neno lisiloandikika hapa, aondoke zake. Baadaye wanapanga mstari kupiga picha, Brent anafanya kichekesho kidogo, na watu wanacheka. Wanacheka kweli. Ukiwa umekaa naye tangu mwanzo ukimwona akihangaika kupata kicheko kimoja cha halali, dakika ile inatosha.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo naona wachambuzi wengi wanapita mbio.

Hofu inayotembea Slough ni ya kupunguzwa. Tangu sehemu ya kwanza mkuu wa Brent, Jennifer, anamweleza kwamba kati ya matawi ya Slough na Swindon moja litamezwa na jingine. Brent anawaahidi wafanyakazi kwamba hakuna atakayeguswa, ahadi asiyo na mamlaka ya kuitoa. Mwisho wa msimu anapewa nafasi ya kupanda cheo, na anaitisha kikao. Anasema ana habari mbaya na habari njema. Mbaya ni kwamba baadhi yao watapoteza kazi. Njema ni kwamba yeye amepandishwa. Wafanyakazi wanamkodolea macho, na yeye, kwa dhati kabisa, anashangaa kwamba bado wanaiwaza ile habari mbaya. Kisha anaanguka vipimo vya afya kwa sababu ya shinikizo la damu, cheo kinapotea, na anarudi kwao kudai kwamba amekikataa kwa ajili yao. Malcolm, mzee mmoja wa pale, anamuumbua mbele ya wote.

Jambo la kutazama ni kwamba katika hadithi hii kupunguzwa kuna utaratibu. Kuna mashauriano, kuna malipo yanayotakiwa na sheria, kuna wakubwa wa juu wenye adabu na suti safi wanaofuata hatua. Ukipunguzwa Slough unapoteza mshahara na heshima, ila ukiumwa kesho hospitali ya umma iko palepale, kama ilivyokuwa tangu 1948. Kwa hiyo swali linalowatafuna Tim na Dawn ni la maisha: je, nitazeekea hapa? Tim anataka kurudi chuo kusoma saikolojia, Dawn alitaka kuchora vitabu vya watoto. Kazi ni shimo ambalo kwa ujasiri kidogo ungeweza kulitoka, na huzuni ya tamthilia nzima ni kuona watu wazuri wasiotoka.

Scranton hofu ni nyingine. Sehemu ya tatu tu ya Marekani inahusu bima ya afya. Jan anataka Michael achague mpango wa bima wa bei nafuu, maana yake watu watakatwa huduma. Michael hawezi kuvumilia kuchukiwa, anamtupia Dwight kazi hiyo, Dwight anafyeka kila kitu, na Michael anajificha ofisini siku nzima akiwaahidi wafanyakazi zawadi ya kuwashangaza mwisho wa siku. Saa ya kutoka inafika, wanamzunguka, wanangoja. Hana zawadi. Anasimama tu, kamera haimwondokei. Sehemu hii isingeweza kuandikwa Slough, si kwa sababu ya ucheshi wake bali kwa sababu Brent hakushika tiba ya mtu yeyote mkononi.

Kuna nyingine ya msimu wa pili ambamo watu wa ghalani wanaanza kuzungumzia kuunda chama cha wafanyakazi. Jan anashuka ghalani mwenyewe na kuwaeleza bila kupaza sauti kwamba mazungumzo hayo yakiendelea tawi linaweza kufungwa na wote wakose kazi. Mjadala unaisha hapo. Nimeitazama mara kadhaa na kila mara hunishangaza kwamba ilipita kama kichekesho cha Alhamisi usiku.

Ukiwa katika mahali ambapo bosi ana tiba yako na siku yako ya kufukuzwa, na huwezi kuondoka, unafanya nini? Unatafuta namna ya kupaona pazuri. Ndiyo maana siliiti pendo la Scranton uongo mtupu, ingawa wapo wanaoliita hivyo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mkuu wetu alisimulia kichekesho kila Jumatatu asubuhi, kichekesho kibovu, na sote tulicheka kwa sababu yeye ndiye aliyesaini fomu za likizo. Baada ya miaka mitatu niligundua kwamba nacheka kweli. Sijui siku ilipobadilika. Nikimtazama Michael Scott namkumbuka mkuu yule, na nikimtazama Brent nakumbuka ile miezi ya kwanza.

Ipo alama moja ndogo inayobeba tofauti yote, nayo ni kile kipaza sauti kidogo kinachobanwa kifuani.

Mwisho wa msimu wa pili wa Uingereza, Tim yuko katikati ya kuieleza kamera kwamba mambo yake na Dawn hayangewezekana. Anakatisha maneno, anainuka, anatoka, anamchukua Dawn wanaingia chumba cha mikutano na mlango unafungwa. Kamera imebaki nje, inaona kwa kioo. Tim anakivua kipaza sauti chake. Sauti inakatika. Tunaona midomo, tunaona anamkumbatia, tunaona mabega. Anarudi mezani, anakibana tena, anakaa, na kusema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya kwamba, kwa taarifa yetu, amekataa. Yale yaliyosemwa mle ndani hatukupewa na hatutapewa.

Marekani walipofika penye kituo hichohicho, Mei 2006, katika sehemu iliyoandikwa na Carell mwenyewe, Jim anamwambia Pam kwenye maegesho ya magari kwamba anampenda, na tunasikia kila neno. Tunamsikia Pam akihangaika kujibu. Kisha ndani, gizani, busu, na msimu unakatika hapo. Watu walisubiri miezi hadi Septemba. Ni kazi nzuri, nami nilishikwa koo kama wengine, lakini imeandikwa na watu wanaojua wana sehemu nyingi mbele: wanaweza kukupa kila kitu leo kwa sababu kesho watakunyima kingine. Tim na Dawn wanapatana mara moja, mwisho wa Krismasi, na hadithi inaisha wakiwa ndiyo kwanza wameshikana mikono. Jim na Pam wanaoana mwaka 2009, wanapata watoto, wanagombana kuhusu fedha na kuhama mji. Waingereza walitupa mapenzi, Wamarekani wakatupa ndoa.

Na kile kipaza sauti? Kilirudi. Tarehe 28 Aprili 2011 Michael anaondoka Scranton. Uwanja wa ndege, kabla ya kupita ukaguzi, anakivua na kuwakabidhi wapiga picha. Anatembea, anazungumza kitu tusichokisikia. Halafu Pam, ambaye alikuwa hajamuaga, anatokea mbio, wanakumbatiana, wanazungumza, na hakuna sauti. Ukimya ambao Uingereza uliwekwa kwa mwanaume anayemwambia mwanamke anampenda, Marekani uliwekwa kwa mfanyakazi anayemuaga bosi wake. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Urefu ulikuwa na gharama zake pia. Carell alipoondoka, tamthilia iliendelea misimu miwili zaidi ikitafuta nani akae kwenye kiti, na haikumpata. Wahusika waliokuwa watu wakaanza kuwa vituko. Kevin wa uhasibu alikuwa mzito wa kusema tu mwanzoni, mwishoni hajui kuhesabu. Dakika 22 zinazobaki baada ya matangazo hazina nafasi ya zile picha za Slough ambapo mashine ya kunakili inatema karatasi, moja, moja, na hakuna anayesema neno. Na si lazima urefu ulainishe kila kitu: Wajerumani walikuwa na bosi wao, Stromberg, aliyedumu misimu mitano kuanzia 2004 akabaki mkorofi kwa sehemu kubwa. Ila misimu yao ilikuwa ya sehemu nane hadi kumi.

Ukiniuliza ipi kubwa zaidi kama kazi ya sanaa, nasema ya Uingereza, bila kusitasita, kwa sababu hakuna dakika ndani yake unayoweza kuitoa. Ukiniuliza ipi niiwashe usiku nikiwa na homa, nasema ya Marekani, tena msimu wa pili au wa tatu. Na wengi wanafanya hivyo: mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na ofisi zao zimefungwa, kampuni ya Nielsen ilihesabu dakika bilioni 57.1 za watazamaji wa Marekani kwenye tamthilia hiyo moja, miaka saba baada ya kwisha. Watu wasioweza kwenda ofisini walikwenda Scranton.

Mabosi hao wawili walikutana mara moja, Januari 2011. Michael anafungukiwa na lifti, na nje amesimama David Brent. Gervais alikuja kuigiza dakika chache tu. Wanaanza kutaniana na wanaelewana papo hapo, kama ndugu waliopotezana utotoni. Kisha Brent anauliza, kana kwamba limemjia tu kichwani, kama pale kwao kuna nafasi ya kazi. Michael anasema kwa sasa hakuna. Brent anaomba ajulishwe ikitokea.

Miezi michache baadaye Michael akaondoka, nafasi ikatangazwa, na kati ya waombaji waliohojiwa alikuwemo Brent, kwa njia ya video, usoni mwa kompyuta. Hakuipata.